Shimo la Maharage

Kwa miaka mitatu nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijijini kwetu, upande wa Makwale, na kazi niliyopewa ilikuwa kuni na taka. Haikuwa nafasi ya kugombewa. Wenzangu walichukua majengo, taaluma na nidhamu. Mimi, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga niliyeishia darasa la saba, nilibakiziwa jiko. Nilipokea bila kinyongo kwa sababu nilikuwa nimeanza kulitazama jiko lile kabla sijaambiwa.

Utaratibu wa shule ulikuwa huu. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, kila mtoto alikuja na ukuni mmoja. Mwalimu wa zamu alisimama njiani, na asiye na ukuni alirudishwa nyumbani kuutafuta. Kwetu hakuna msitu. Kuna mpunga, kakao na migomba, na mgomba hauwaki. Kwa hiyo watoto walileta walichokipata: mguu wa kichanja cha vyombo, kigingi cha mbuzi, matawi mabichi ya mikakao ya watu. Asubuhi moja jirani yangu, mama mtu mzima mwenye mwili, aliingia jikoni shuleni bila hodi, akalipekua lundo na kuchomoa mti mmoja ulionyooka.

"Huu ni wa bafu langu," alisema. "Jana nimeoga nikijua nimejificha, kumbe kijiji kizima kinaniona."

"Waliokuona wameshaadhibiwa, mama," mpishi alimjibu bila kuacha kukoroga.

Wakacheka wote wawili, na yule jirani akaondoka na mti wake begani.

Mpishi huyo alikuwa mjane wa rika langu. Alizaliwa ufukweni, ng'ambo ya Matema, kwa watu wanaofinyanga vyungu, akaolewa kijijini kwetu, na mumewe alipofariki alibaki na mjukuu mmoja aliyesoma pale pale shuleni. Alikuwa amepika pale miaka sita. Hakujua kusoma. Sufuria aliijua kwa mlio wake: alisimama mbele ya moto akiwa ametazama pembeni, na kabla mtu hajaona povu alishasema, "Sasa."

Nilichukua mizani ya kuning'iniza pale mashineni nikaenda kupima kuni za jiko. Nilipima kwa wiki mbili, kila asubuhi kabla ya kufungua mashine, nikaandika kwenye daftari: za ugali mbali, za maharage mbali. Ugali ulikula kuni kidogo. Nyingi ziliishia chini ya sufuria ya maharage, ambayo ilikaa motoni tangu saa moja asubuhi hadi karibu saa saba. Wale watoto walikuwa wanabomoa vichanja vya mama zao ili maharage yachemke kutwa.

Nyuma ya mashine yangu kulikuwa na mlima wa pumba za mpunga. Hakuna aliyezitaka. Tulizichoma, na zisipoungua mvua ilizisukuma mtaroni. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba pumba haziruhusu joto kupita kirahisi, na nilipokuwa nawaza jambo hilo nilikumbuka tunavyovundika ndizi. Unachimba shimo, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika, unaacha. Joto halitoki. Ndizi zinaiva bila mtu kuzigusa. Nikajiuliza kwa nini maharage yasivundikwe.

Nilijaribu nyumbani kwanza. Nilitumia chungu cha ufukweni na maharage mekundu mapya yaliyoteremshwa na wachuuzi kutoka Rungwe. Niliyachemsha dakika thelathini kwa saa ya ukutani, nikakiweka chungu kwenye tenga lililojaa pumba, nikakifunika kwa kiroba cha pumba na blanketi kuukuu. Baada ya saa nne nilimwita mke wangu. Akachukua punje moja, akaiminya kati ya vidole viwili.

"Yameiva," alisema. Kisha akatazama tenga. "Blanketi la mama yangu ndilo limeyapikia."

Kamati ilikubali. Akina baba wanne walichimba shimo nyuma ya jiko, la kina cha kutosha sufuria kubwa kuzama hadi masikioni. Tulilitandika majani ya mgomba, tukazungushia viroba vya pumba, tukashona mfuniko wa gunia uliojaa pumba pia. Nilimweleza mpishi kanuni, nikaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari la shimo: *Maharage yachemke kwa nguvu dakika thelathini, ndipo yaingie shimoni.* Akasikiliza, akauliza swali moja.

"Na nikiona bado?"

"Rudisha motoni."

Kwa wiki sita hakurudisha hata mara moja. Mwalimu mkuu, mama mpole aliyehamia kutoka wilaya nyingine, alitangaza mstarini kwamba kuanzia mwezi ule kuni zitaletwa Jumatatu peke yake. Watoto walipiga makofi. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya darasa la tatu na mizani mkononi, na sijawahi kupigiwa makofi kabla ya hapo wala baada ya hapo. Naandika hivyo kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Nilianza kupunguza dakika. Niliona kuwa maharage yaliyochemka dakika thelathini yalitoka yamelainika mno, nikaona kuna nafasi. Nikasema ishirini. Yakaiva. Nikasema kumi. Yakaiva, japo mpishi alisema yamekuwa na ukakasi. Kila nilipopunguza, safu ya kilo kwenye daftari ilishuka, na mimi nilikuwa nikiitazama safu ile kama mwingine anavyomtazama mtoto wake akikua. Nilitaka kuni za Jumatatu nazo zikome. Nilitaka kwenda kwenye mkutano wa wazazi niseme kwamba shule yetu haimtumi tena mtoto kuni. Nilipima kila kilichoweza kuning'inia kwenye mizani. Joto la ndani ya sufuria sikulipima siku hata moja, kwa sababu sikuwa na cha kulipimia, na lile ambalo sikuwa na kipimo chake nililichukulia kwamba liko sawa.

Kisha mvua kubwa zikaanza. Mtu wa Kyela hahitaji kuelezwa maana yake. Maji huku hayatoki juu peke yake, yanapanda pia kutoka chini. Ukichimba mwezi wa nne unafika kwenye maji kabla jembe halijachafuka vizuri. Mimi nimezaliwa hapa na nilichimba shimo. Asubuhi moja niliingiza mkono chini ya viroba, pumba za chini zilikuwa zimelowa. Niliandika: *Pumba zimelowa kidogo chini. Kubadilisha.* Sikubadilisha siku ile kwa sababu foleni ya mpunga mashineni ilikuwa ndefu.

Ilipofika Alhamisi ya wiki iliyofuata, kuni nazo zilikuwa zimelowa. Nilifika jikoni saa mbili kasoro. Moshi ulikuwa umejaa hadi mlangoni na mpishi alikuwa amepiga magoti, anapuliza, macho mekundu.

"Hazishiki," alisema. "Haijachemka bado."

Niliangalia sufuria. Kulikuwa na mvuke na vipovu vidogo pembeni.

"Inachemka hiyo."

"Hiyo inaimba tu, fundi. Haijachemka."

Lundo la kuni za wiki lilikuwa limebaki chini ya magoti yangu kwa urefu. Nilifanya hesabu kichwani. Tukiendelea kuchochea hadi ichemke kwa kuni mbichi, zitaisha leo, na kesho Ijumaa watoto wataambiwa walete tena, na kila nilichotangaza kitakuwa uongo.

"Toa," nilisema. "Shimo litamalizia."

"Shimo lenyewe lina maji."

"Maji kidogo. Toa, mama. Ukichochea tena tunaharibu hesabu ya wiki nzima."

Akanitazama, kisha akafunga kanga kiunoni, tukashika masikio ya sufuria kila mtu upande wake, tukaishusha. Nikaandika papo hapo, nimeegemeza daftari ukutani, kama nilivyozoea: *Alhamisi. Kuni kilo nane. Imetolewa kabla ya kuchemka, kuni mbichi. Mpishi hakuridhika. Nimeruhusu.* Kisha nikaenda mashineni.

Watoto walikula saa saba. Walisema baadaye maharage yalikuwa ya vuguvugu na magumu kidogo katikati, lakini mtoto mwenye njaa hachagui. Kabla ya saa kumi walianza kutapika. Nilizisikia kelele kutoka barabarani, nikazima injini. Nilipofika shuleni walikuwa wamelala kwenye nyasi kando ya madarasa, wameshika matumbo, na walimu wanakimbia na ndoo. Bodaboda ziliwabeba wawili wawili hadi zahanati. Zahanati ilijaa, wengine wakapelekwa hospitali mjini. Mtoto mmoja wa darasa la pili, wa kike, alitundikiwa dripu siku mbili na mama yake hakuinuka pembeni ya kitanda. Mjukuu wa mpishi naye alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Watu walilisahau hilo upesi sana.

Hakufa mtu. Bwana afya alikuja akachukua maji ya kisima kwenye chupa na maharage yaliyobaki kwenye mfuko, akaondoka navyo, na majibu hayakurudi. Kama yalirudi, hayakufika kijijini. Pale palipokosa majibu watu waliweka maneno. Siku ya tatu nilisikia mashineni mwanamke akimwambia mwenzake, wameketi juu ya magunia yao wanasubiri zamu:

"Mtu amekaa na mkono mmoja kwenye sufuria miaka sita. Unajua una nini mkono ule?"

"Na mume wake alikufaje, kwani?"

"Na wewe, usiniulize mimi."

Nilikuwa mita mbili kutoka kwao. Niliongeza mpunga kwenye mashine.

Kikao cha kamati kilikaa Jumatano katika darasa la saba. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyestaafu kazi ya ugani wa kilimo, mtu wa haki kwa kadiri anavyoelewa. Mpishi aliitwa, akakalishwa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi. Mwenyekiti alianza na mimi.

"Fundi, wewe ndiye mwenye huo mtambo wa shimo. Ulimwelekeza huyu mama achemshe muda gani?"

Nilifungua daftari. Nililifungua ukurasa wa kwanza, nikasoma kwa sauti: yachemke kwa nguvu dakika thelathini, ndipo yaingie shimoni. Kila neno nililosoma lilikuwa limeandikwa pale, kwa mkono wangu, na tarehe yake.

"Dakika thelathini," mwenyekiti alirudia. "Na wewe mama, siku ile ulichemsha dakika ngapi?"

"Haikuchemka kabisa," mpishi alisema.

Watu wakaguna.

"Kwa hiyo umeacha maelekezo."

"Fundi alikuwepo." Hakupandisha sauti. Aligeuka kwenye dawati akanitazama. "Fundi anaandika kila siku. Asome na ya Alhamisi."

Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa chini ya kidole changu cha gumba. Wakati ule sikujua kwamba maharage ndiyo yaliyowaumiza watoto. Nilidhani huenda ni maji, au mafuta. Nimejitetea hivyo mara nyingi. Lakini nilijua kilichoandikwa pale, na nilijua kilikuwa kinaulizwa.

"Ya Alhamisi ni vipimo vya kuni tu," nilisema.

Mwalimu mkuu aliandika kitu. Mwenyekiti alimshukuru mpishi kwa miaka yake sita na kumwambia kwamba kwa usalama wa watoto kamati itatafuta mtu mwingine. Mpishi alisimama, akasema, "Ndaga," ambalo kwetu ni asante, na akatoka. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameondoka na mjukuu wake kurudi kwao ufukweni. Shimo lilibaki, lakini sasa maharage yalichemshwa saa nzima kwanza, kwa hofu, na kuni zikarudi kuwa za Jumatatu na Alhamisi.

Miezi ilipita. Mimi hununua vitabu kwa wauza mitumba pale Bondeni, vile vinavyokuja vimefungwa pamoja na nguo na hakuna anayevitaka. Nilipata kimoja cha lishe, cha chuo, cha Kiingereza, kimekosa jalada. Nilikisoma mchana mashineni kwa kamusi, kurasa mbili au tatu kwa siku. Katika sura ya nafaka na kunde kulikuwa na aya moja fupi kuhusu maharage mekundu. Ilisema yana sumu yake yenyewe, ya asili. Sumu hiyo huvunjika maharage yakichemka kwelikweli. Yakikaa muda mrefu kwenye joto lisilofikia kuchemka, haivunjiki, na anayeyala hutapika baada ya saa chache. Niliisoma mara nne na kuangalia kila neno kwenye kamusi, hata yale niliyoyajua.

Sikuridhika na kitabu. Niliazima kipimajoto kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, nikasubiri Jumapili, mke wangu na watoto walipokwenda kanisani. Nikapasha maharage mekundu hadi vipovu vidogo vilipotokea pembeni, kama vile vya Alhamisi. Kipimajoto kilisema sabini na nane. Nikayaweka kwenye tenga, na kwa makusudi nikalowesha pumba za chini. Baada ya saa tano nilikula bakuli moja. Yalikuwa ya vuguvugu, magumu kidogo katikati. Niliandika saa. Saa mbili na robo baadaye nilikuwa nimeshika mgomba nyuma ya nyumba, natapika hadi nikaona nyota mchana. Mke wangu alinikuta nimekaa chini.

"Umekula nini?"

"Walichokula watoto."

Yeye alikuwa anajua habari ya ukurasa wa Alhamisi. Alikuwa ameusoma siku nyingi bila kuniambia. Akaniletea maji ya chumvi na sukari, akasema, "Sasa nenda kwa mwenyewe."

Nilikwenda wiki ile ile. Gari liliniacha Matema, nikatembea kando ya ziwa kwa njia ya miguu hadi kijijini kwao. Nilimkuta mpishi ameketi na dada yake mkubwa kwenye uwanja wa nyumba, wanakanda udongo. Mjukuu wake alikuwa anapanga vyungu vibichi kivulini siku ya shule, saa nne asubuhi. Nilisalimia. Dada mtu ndiye aliyeitika.

"Huyu ndiye wa daftari?" alimuuliza mdogo wake.

"Ndiye."

"Nilidhani ni mnene."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilimweleza yote kwa mpangilio: kitabu, kipimajoto, bakuli, saa mbili na robo. Nilimwambia kwamba sumu ilikuwa ndani ya maharage yenyewe, kwamba hakuweka kitu, na kwamba kosa lilikuwa langu. Aliendelea kukanda hadi nilipomaliza.

"Umetoka Makwale kuja kuniambia mimi kwamba sikuweka kitu," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa najua."

Dada yake alicheka kidogo, cheko lisilo la furaha.

"Waambie wasiojua," mpishi alisema. "Mwezi wa sita alikufa shemeji yangu, huko huko kwenu. Nilikuja. Unajua wanawake tunavyofanya kwenye msiba, ukifika unafunga kanga unaingia jikoni, huulizi. Nilishika mwiko. Mwenzangu akaushika upande wa pili. Hakusema kitu, akaushika tu mpaka nikauachia. Siku tatu za msiba wa mume wa dada wa mume wangu, sikupewa hata kitunguu nikimenye. Nilikaa kwenye mkeka kama mgeni wa serikali." Alichukua udongo mwingine. "Kazi ya shule siitaki. Wewe nenda kanirudishie mwiko."

Nilimwambia nitajaribu. Dada mtu akasema, "Asijaribu. Afanye."

Mwalimu mkuu hakutaka. Alinisikiliza ofisini kwake, akafunga mlango, akasema, "Fundi, jambo hili limelala. Watoto wamepona. Unaliamsha ili iweje?" Nilimwambia kuna mtu halijamlalia. Mwishowe alinipa nafasi kwenye mkutano mkuu wa wazazi, kwenye ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, wakati watu huwa wameshaanza kukusanya watoto na kanga zao.

Nilisoma ukurasa wa Alhamisi wote. Nilisoma na neno *nimeruhusu*. Nikaeleza kwamba katika kikao nilidanganya. Nikaeleza kuhusu maharage na bakuli nililokula. Kisha baba mmoja nyuma, mcheshi wa siku zote, akauliza:

"Kwa hiyo profesa ulitapika peke yako au ulialika na majirani?"

Wakacheka. Nilingoja wamalize. Mzee mmoja akasimama.

"Mimi nina miaka sabini. Nimekula maharage tangu sijaota meno. Mama yangu kayala, bibi yangu kayala. Leo ndiyo yamekuwa na sumu?"

"Yasipochemka, tata," nilisema, nikimwita baba kwa lugha yetu. "Bibi yako aliyachemsha."

"Bibi yangu hakuwa na saa."

Mama wa yule mtoto wa dripu alikuwa ameketi karibu na dirisha. Hakusimama. "Mwanangu alikuwa anatapika damu," alisema, "na wewe ulikuwa unajua umeruhusu. Ukakaa. Miezi yote hii unanikobolea mpunga, unaniuliza hali." Mwanamke mwingine, karibu naye, alisema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Labda kapewa kitu akubali kubeba lawama. Watu wa ufukweni hawashindwi."

Mwenyekiti alifunga mjadala. Niliondolewa kwenye kamati kwa kunyoosha mikono, na mimi nilinyoosha wangu. Waliamua pia shimo lifukiwe. Hapo nilisimama tena. Nilisema shimo halikuwa na kosa. Kwa dakika thelathini za kuchemka, na kwa kulihamishia juu ya ardhi, kwenye sanduku, maji yasilifikie, lingeweza kuokoa kuni nusu na zaidi. Nilikuwa na vipimo vyote. Mwenyekiti akaniambia kwa upole nikae. Shimo lilifukiwa Jumamosi, na pumba zangu zimerudi kuchomwa. Mtoto sasa analeta kuni mbili badala ya moja, kwa sababu mpishi mpya anaogopa, na anachochea hadi saa saba.

Mwezi wa kumi alifariki mzee wa ukoo wa mume wa mpishi. Nilikuwa nimeketi na wanaume upande wa barabara, na kupitia migombani, hatua chache tu, niliona jiko la msiba: mafiga matatu, masufuria ya wali, wanawake kama kumi na tano. Mpishi alifika saa tano na mtandio begani. Walimpokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama wa mtoto wa dripu mwenyewe alisimama akampa mkono kwa mikono miwili, akamwamkia, akamuuliza habari za mjukuu. Mwingine alimsogezea kigoda. Yeye akafunga kanga kiunoni, akapita kigoda, akaenda kwenye sufuria.

"Aa, pumzika, mama," alisema aliyeshika mwiko, anatabasamu. "Umetoka mbali."

"Sijachoka."

"Pumzika tu, tutakuita."

Akakaa. Hawakumwita. Chakula kilipoiva walimpakulia yeye kwanza, kabla ya wazee, sahani iliyojaa na nyama nyingi kuliko ya mtu yeyote, na wakasimama na sahani zao mikononi hadi alipotia tonge la kwanza mdomoni na kulimeza. Ndipo nao wakala.

Alimaliza chakula chote. Aliosha sahani yake mwenyewe, akaisuuza, akaigeuza juu ya kichanja. Alipotoka barabarani alipita karibu nami, nami nikasimama. Sikujua niseme nini, nikamuuliza ilikuwaje.

"Wamenisalimia vizuri," alisema, na hakusimama.